Ushuhuda wa Siku Tatu

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho. Mtaani anaitwa Siku Tatu. Watoto humwita mzee Siku Tatu, wa rika lake humwita Siku kwa kifupi, na mkewe mwenyewe akitaka kumtoa karakana humwambia mpita njia, "Niitie huyo Siku Tatu, chai inapoa." Naye huitika. Ni mtu wa kuitika. Mwite upendavyo, ataitika, mradi usimwambie asimame mbele za watu aongee.

Na hilo ndilo walilomfanyia kwa miaka tisa.

Kila mwaka, siku ile aliyotolewa chini ya kifusi ikifika, anasimamishwa mbele kwenye ukumbi wa ibada na kupewa kipaza sauti. Anakishika kama mtu aliyepewa kifaranga, anaogopa kukibana na anaogopa kukiangusha. Halafu anasema maneno yale yale. "Mimi nilikaa chini ya zege siku tatu. Wenzangu sita walikufa. Mimi nikawa hai. Siku ya tatu nikaona mwanga. Basi." Anarudi kukaa, jasho limemlowesha mgongo. Watu wanalia. Mhubiri anapenda kusema kwamba ushuhuda wa Siku Tatu ni mfupi kama msumari, na kama msumari, ukiingia hautoki. Kuna walevi walioacha pombe siku hiyo. Kuna mume na mke waliorudiana.

Lakini Siku Tatu mwenyewe haamini kama Mungu yupo. Habishani na mtu, wala hajawahi kulisema. Watu wakifumba macho kuomba, yeye huinamisha kichwa kwa adabu, halafu macho yake hupanda taratibu kwenye paa, yakikagua vyuma na viungo vyake.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa anaamini kama watu wengi wanavyoamini, bila kufikiri sana, kama mtu anavyojua kuwa nyumbani kuna mtu hata kama hajamwona tangu asubuhi.

Wakati huo alikuwa fundi wa kusuka mbao za zege. Kazi yenyewe ni hii: kabla zege halijamwagwa juu kuwa dari, lazima chini yake pawe na kitanda cha mbao, na chini ya kitanda pawe na miti mirefu ya kukiegemeza, ile inayoitwa mirunda. Zege likishamwagwa linalala hapo kama mgonjwa. Linakomaa taratibu, na fundi anahesabu siku. Ukiiondoa mirunda mapema, dari itasimama kwa jeuri tu, halafu saa yoyote itachoka.

Siku ya kumi na moja msimamizi alikuja akasema mirunda yote itolewe, inahitajika kwenye jengo lingine.

"Bado, bosi," alisema Siku Tatu, kwa sauti ndogo, akiiangalia nyundo yake. "Bado siku kumi."

"Kwani wewe fundi mbao au injinia?"

Mafundi wakaangua kicheko. Aliyecheka kuwazidi wote alikuwa rafiki yake, mpiga plasta aliyeitwa Kijiko, kwa sababu alitembea na kijiko chake mfukoni kila aendako na hakula kwa kijiko cha mtu mwingine. "Mwacheni domo zege wangu," Kijiko alisema. "Leo kaongea maneno mawili, kesho ataamka na homa."

Siku Tatu hakusema tena. Alipita na nyundo akaing'oa mirunda mmoja baada ya mwingine, kwa mikono yake mwenyewe. Ila kwenye kona, karibu na nguzo, nyuma ya mifuko ya saruji, aliacha miwili. Msimamizi alipouliza akasema imebana, ataitoa kesho. Haikuwa imebana.

Kesho yake mchana walikusanyika chini ya dari ile ile kula, pale katikati panapopita upepo. Yeye akaenda kukaa kwenye kona yake, kati ya ile miti miwili. Alisema mgongo unamuuma, anataka pa kuegemea.

"Njoo huku kwa watu, bwana," Kijiko alimwita. "Unakaa kwenye kona kama mkwe."

"Niache, nimechoka."

Kijiko akaanza kuombea chakula. Sala za Kijiko zilikuwa ndefu. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akawaombea wajane na yatima na msimamizi na mke wa msimamizi, na mwisho kabisa ndipo alipokikumbuka chakula. Wenzake walimtania kila siku: "Kijiko, Mungu mwenyewe ameshasikia, njaa ndiyo haisikii." Lakini akishaanza, hakuna aliyemkatiza. Mtu hakatizwi anapoongea na Mungu.

Wote walifumba macho. Siku Tatu hakufumba. Aliona vumbi likidondoka kutoka juu, jembamba kama unga unaopita kwenye chekeche, likatua begani mwa Kijiko. Akainua macho. Kila mtu anaijua methali ya ufa na ukuta, lakini yeye aliuona ufa wenyewe, unatembea.

Neno lilimfika mdomoni. "Tokeni." Ni neno moja tu. Lakini Kijiko alikuwa kwa wajane, sauti imemkolea, na watu wazima watano wameinamisha vichwa mbele yake, na jana tu walikuwa wamemcheka. Siku Tatu aliona haya. Akajiambia, amina haiko mbali. Acha amalize.

Dari ilishuka kabla ya amina.

Chini kule palikuwa na giza na ladha ya saruji. Ile mirunda miwili ilivunjika, lakini ilikuwa imebeba boriti kiasi cha kumwachia nafasi ya mtu aliyejikunja. Na kutoka mahali fulani, upande wa miguuni, alisikia kijiko kikigonga nondo. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Siku Tatu aliomba. Hajawahi kuomba vile kabla wala baada. Hakujiombea mwenyewe. "Mtoe huyu kwanza," aliomba, "huyu anakujua kuliko mimi. Alikuwa anaongea na wewe." Aliomba usiku wote ule na siku iliyofuata, na kila kijiko kilipogonga alijibu kwa jiwe.

Siku ya pili kijiko kilinyamaza.

Hapo kitu kikakatika ndani yake, bila kelele. Hakumkasirikia Mungu. Alitafuta wa kumkasirikia, akakuta hakuna mtu.

Siku ya tatu akaona mwanga. Ulikuwa wa tochi. Mtu mmoja alikuwa amelala kifudifudi kwenye tundu, akisema, "Yupo mmoja hapa, anapumua."

Walimtoa, wakamlaza kwenye machela, na mwandishi wa habari akamsogezea kinasa sauti mdomoni. "Nani amekuokoa?" Siku Tatu alikuwa na kiu, alikuwa na haya, na alitaka waondoke. Akasema, "Mungu tu." Alisema kama unavyosema "salama" ukiulizwa habari za nyumbani, hata kama nyumbani kunaungua. Kesho yake maneno hayo yalikuwa kila mahali.

Na pembeni ya kifusi, akiwa amesimama na viatu vimejaa vumbi, alikuwepo mdogo wake.

Mdogo wake ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Ni mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, na kabla ya siku ile Mungu na ulimi wake hawakuelewana. Jirani akimwalika ibadani alikuwa akijibu, "Mungu? Nilimpigia mara moja, hakupokea. Mimi sibipu mtu." Watu walicheka, lakini kaka yake hakuwa akicheka, maana alijua ni simu gani. Mama yao alipopelekwa kufanyiwa upasuaji, mdogo wake alikuwa na miaka kumi na minne. Alikaa kwenye benchi la ukumbini ameshika mfuko wenye viatu vya mama, mbele ya mlango wa kijani wenye kioo cha duara, akiomba, hajui hata anaomba vipi. Mlango ulipofunguliwa, viatu vilikuwa havina tena mwenyewe.

Ndipo zikaja zile siku tatu. Alisimama kwenye kifusi, hakula, hakurudi nyumbani. Watu walimwambia, Mungu si Athumani, vuta subira. Siku ya tatu asubuhi akasema kwa sauti, wote wakisikia: "Ukimtoa kaka yangu, mimi wako." Saa sita mchana kaka yake akatoka.

Tangu hapo hakukosa ibada. Ulimi ulibaki vile vile, ila sasa ulikuwa na upande.

Mwaka huu, wiki chache baada ya shule kufunguliwa, alimwambia mumewe kwamba ameona uvimbe kwenye titi la kushoto. Alisema ni mdogo kama kifungo cha koti. Alipokubali kwenda hospitali ulikuwa kama ndimu. Siku Tatu aliwasindikiza. Daktari, mama mmoja mtaratibu mwenye kalamu shingoni, aliwaeleza bila kuficha: titi liondolewe, na liondolewe mwezi huu. Akiwahi, nafasi ya kupona ni zaidi ya nusu. Akichelewa, kisu hakitakuwa na kazi tena. Akaandika tarehe ya kitanda kwenye karatasi.

Mdogo wake aliipokea karatasi akaikunja mara nne. Alipofika nyumbani aliiweka chini ya mguu wa meza ya cherehani, ule mguu mfupi, meza isitikisike.

"Aliyemtoa kaka yangu chini ya zege bila kisu," alisema, "mimi atanitoa bila kisu."

Mumewe alimwangalia Siku Tatu. Siku Tatu aliangalia sakafu.

Tarehe ile ikapita. Shemeji yake, mpakizi wa mizigo kwenye kinu cha unga, mtu wa nguvu anayebeba magunia kama mito, alikuja karakana akakaa juu ya ubao na kulia. "Shemeji, mimi hanisikii. Anasema mimi imani yangu ni ya kupakia na kushusha. Wewe atakusikia. Wewe ndiye ushahidi wake." Alikuwa amekwenda kwa daktari akaomba tarehe nyingine. Amepewa. Hiyo ndiyo ya mwisho, na kitanda kitamsubiri mpaka saa sita mchana, si zaidi, maana wagonjwa wamepanga foleni.

Siku Tatu alikuwa ameacha zege zamani. Siku hizi anatengeneza fremu za milango na madirisha nyuma ya duka la mbao, vitu ambavyo vikianguka vinamwangukia fundi peke yake. Jioni ile alisimama mbele ya fremu tupu akajaribu kuiambia ukweli. Alijaribu mara nne. Kesho yake, saa kumi jioni, akapiga moyo konde akaenda kwa mdogo wake.

Alimkuta akishona, sare za bluu zimerundikwa mpaka dirishani, futi ya kupimia iko shingoni. Mkono wa kushoto alikuwa anautumia kidogo kidogo.

"Karibu kaka. Mbona una uso wa mtu aliyevunja sahani ya ugenini?"

"Nataka kukwambia kitu."

"Wewe? Ngoja nikae vizuri. Ah, nimeshakaa. Sema."

Akasema. Alisema yote: siku kumi na moja, nyundo, ile mirunda miwili nyuma ya mifuko, uongo wa mgongo. Vumbi begani mwa Kijiko. Sala ambayo hakuikatiza. Kijiko kikigonga nondo, halafu kimya. Tochi. Aliposema, "Hakuna aliyenitoa kule. Nilikaa pale nilipojua hapataanguka, nikanyamaza, wenzangu wakafa wanasali," cherehani ilikuwa imeshapunguza mwendo, na sasa ikasimama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Miaka tisa umekaa na hilo peke yako?"

"Ndiyo."

"Maskini kaka yangu." Akakata uzi kwa meno. "Sasa nikuulize. Wewe tangu utoto ni mwoga wa kusema. Nani alikupa akili ya kuacha ile miti miwili?"

"Woga."

"Na woga nani alikutia?"

"Hakuna aliyenitia. Woga tu."

"Si unaona? Hujui ulikotoka."

"Na Kijiko?" Siku Tatu aliuliza, na sauti yake ikapanda, jambo ambalo si la kawaida. "Kijiko alikuwa anasali, mdogo wangu! Macho amefumba. Mimi nilikuwa nimeyafumbua."

Siku Tatu aliona kidole cha mdogo wake kikipitapita kwenye mshono wa kola.

"Kijiko alikuwa tayari," alisema mwishowe. "Wewe ulikuwa bado. Angekuchukua wewe hivyo hivyo, ungemwambia nini?"

Mdogo wake alikuwa na jibu la kila kitu. Siku Tatu alikuwa amekuja kama siku ile, na nyundo, kuing'oa mirunda chini ya imani ya mdogo wake. Aliing'oa yote, mmoja mmoja, akakaa kungoja. Dari haikutikisika. Na safari hii alitaka ianguke.

Alikuwa anainuka kuondoka mdogo wake aliposema, sasa kwa sauti nyingine, bila mzaha: "Kaka. Niliapa juu ya kile kifusi, watu wakisikia. Kama hakukuwa na mtu, mimi niliapa kwa nani? Miaka tisa hii nimekuwa wa nani?" Aliizungusha futi kwenye kidole. "Na ukinitoa hapa nilipo, unanipeleka wapi? Kwenye ule mlango?"

Siku Tatu aliujua ule mlango. Kioo chake cha duara kilikuwa juu mno kwa msichana wa miaka kumi na minne, ilimbidi asimame kwa vidole ili achungulie. Akamsaidia kukunja sare sita, akaondoka.

Alikwenda kwa mhubiri. Mhubiri naye si mtu wa kuwazuia watu hospitali, yeye mwenyewe anameza dawa za presha kila asubuhi na chai. "Nimemwambia mara tatu aende," alisema. "Unajua amenijibu nini? 'Mhubiri, wewe miujiza umeisoma, kaka yangu ametoka ndani yake.' Nimjibu nini mimi?"

Siku Tatu alifungua mdomo amwambie na yeye. Lakini mhubiri alikuwa ameinama karibu, akisema taratibu, "Nikupe siri, ndugu yangu. Wiki ile uliyofukiwa, mimi nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi hii. Nilikuwa nimekauka. Ulipotoka, nikaichana." Akamshika bega. Siku Tatu akafunga mdomo.

Wakakubaliana hivi: siku ya kitanda, saa tatu asubuhi, watu wakutane ukumbini, wamwombee kwa muda mfupi, kisha mhubiri mwenyewe amsindikize hospitali. Shemeji ataazima gari la jirani na kusubiri mlangoni. Mdogo wake alifikiri siku mbili, akakubali, kwa sharti moja.

"Kaka atoe ushuhuda. Ule ule wa siku zote. Asiniletee ule wa kwenye sare."

"Nikiutoa utakwenda?"

"Nitakwenda."

Siku Tatu angekubali kuapa kwamba jua lina pembe nne.

Siku ilifika. Ukumbi ulijaa, maana watu walimpenda yule fundi cherehani na ulimi wake. Alikaa safu ya mbele, kwenye kiti cha plastiki, mkoba wa hospitali uko miguuni. Siku Tatu akapewa kifaranga chake.

"Mimi nilikaa chini ya zege siku tatu," alisema. "Wenzangu sita walikufa. Mimi nikawa hai. Siku ya tatu nikaona mwanga." Hapo husema basi. Lakini alimwangalia mdogo wake, akaongeza, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa: "Walionitoa walikuwa watu. Walikuja na koleo na sururu na msumeno wa chuma. Walikata. Bila kukata nisingetoka."

"Amina!" ukumbi ukaitika.

"Nasema walikata kwa chuma."

"Amina! Amina!"

Mhubiri akasema, tuombe. Aliomba maneno machache tu, kama alivyoahidi, lakini kabla hajamaliza mama mmoja wa nyuma aliipokea sala, akampokeza mwingine, na mwingine, mpaka ukumbi mzima ukawa unaomba kwa mkupuo, kila mtu na maneno yake. Macho yote yalifumbwa. Siku Tatu alibaki mbele na kipaza sauti mkononi, akiangalia vyuma vya paa, halafu akashusha macho.

Kiti cha mdogo wake kilikuwa kitupu. Alikuwa anatembea kando ya ukuta kwa ncha za vidole, mkoba kwenye mkono mzuri, akielekea mlango wa pembeni. Gari lilikuwa mlango wa mbele.

Watu zaidi ya mia mbili, na mwenye kuona ni yeye peke yake.

Haya ile ile ya moto ilimpanda shingoni. Lakini safari hii alikisogeza kipaza sauti mdomoni. "Samahani," alisema.

"Amina!" wakaitika.

"Jamani, samahani. Mdogo wangu anatoka."

"Amina! Toka!" alipaza sauti mzee mmoja, akiufukuza ugonjwa, na wengine wakamfuata, "Toka! Toka!" na sauti zikapanda mpaka mabati yakatetemeka. Hakuna aliyefumbua macho. Mhubiri naye alikuwa analia, uso ameuinua.

Siku Tatu aliweka kipaza sauti kwenye kiti, akapita katikati ya watu wanaosali, akikanyaga vidole vya miguu, akisukuma mabega, akisema samahani, samahani, samahani.

Alimkuta ameketi kwenye ngazi ya nje, kivulini, viatu amevivua.

"Nilitaka hewa," alisema bila kugeuka. "Mle ndani wamenimalizia yote."

Akakaa karibu naye. Barabarani kulikuwa na mtu anayeosha pikipiki kwa ndoo moja, anamwaga maji kidogo kidogo.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Bado mapema." Alikuwa anasugua mguu mmoja kwa mwingine. "Kaka, kule chini uliogopa?"

"Niliogopa."

"Ukamwomba."

"Nikamwomba. Halafu nikaacha."

"Ulipoacha ukabaki na nini?"

Siku Tatu alifikiri. "Na jiwe. Lile nililokuwa namjibia Kijiko."

Mdogo wake akacheka kidogo, akajishika ubavu. Halafu akamgeukia. Uso wake ulikuwa umekonda, na macho yalikuwa ya yule msichana wa kwenye benchi. "Wewe kwenye kipaza sauti unaweza kusema chochote. Lakini mimi ana kwa ana hujawahi kunidanganya. Niangalie. Nikiingia kwenye ule mlango, nitatoka?"

Lilikuwa neno moja tu. Utatoka. Miaka tisa alikuwa amewaambia watu uongo mrefu kuliko huo, na waliondoka wamenyooka. Alimwangalia mdogo wake usoni akalitafuta lile neno. Lilikuwepo. Lilimfika mdomoni kabisa.

"Sijui," alisema.

"Daktari anajua?"

"Naye hajui. Alisema ni zaidi ya nusu."

"Kwa hiyo wote hamjui."

"Hatujui, mdogo wangu. Lakini usipokwenda, hilo tunalijua. Nakuomba. Mimi ndiye ninayekuomba, hakuna mwingine hapa. Twende."

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampiga magotini taratibu, kama mtu anavyomtuliza mtoto wa jirani, akavaa viatu vyake.

"Basi ngoja nikakae na yule anayejua," alisema.

Akainuka akaingia ndani. Mlango ulipofunguka sauti zilimwagika nje, ulipofungwa zikapungua.

Mkoba aliuacha pale kwenye ngazi, Siku Tatu akaupakata. Zipu ilikuwa imefungwa nusu. Ndani aliona gauni la kulalia, sabuni kwenye kisanduku chake, na ndara mpya, bado zimefungwa pamoja kwa uzi wa dukani. Kumbe alikuwa amekwenda kuzinunua mwenyewe. Alikuwa amechagua rangi.

Shemeji yake alitokea kwenye kona ya jengo, funguo mkononi. "Shemeji, vipi? Mbona wanaendelea? Tunakwenda?"

Siku Tatu aliinua mkono. Hakujua ameuinua kusema nini. Shemeji aliungoja ule mkono useme, ukashuka bila kusema. Akarudi kwenye gari.

Siku Tatu aliweza kuisikia injini kutoka pale alipokaa, inanguruma kwa subira. Mtu wa pikipiki alimaliza kuosha, akakausha kiti kwa shati, akaondoka. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu. Ndani walikuwa wameanza kuimba, na katika zile sauti alidhani anaisikia ya mdogo wake, juu kidogo ya nyingine. Hakuwa na hakika.

Saa sita na dakika chache, shemeji alizima injini.